Funguo za Masijala

Puerto Ceibal,
Tarehe mosi Agosti, mwaka wa arobaini na tisa tangu nivuke mto

Dada yangu mpenzi Deolinda,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi yote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, nyonga yako imetulia na baridi ya mtoni haijakuingia kifuani. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee wa miaka sabini na minne: macho bado yanasoma, miguu inabishana na ngazi. Wasalimie binti zako wote wawili. Mwambie Zunilda kwamba chipa za jibini alizooka zilifika zikiwa laini, na kwamba nilizila siku tatu peke yangu bila kumgawia jirani hata kipande.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu uliyekaa naye Jumapili. Hapa mezani kwangu naliona paa la kanisa lenu la Santa Librada, ng'ambo ya mto, na siku zisizo na ukungu naona hata nguo mlizoanika. Ulipanda basi, ukavuka daraja, ukakaa nami saa tatu. Lakini tangu ulipovua skafu yako mpaka ulipoivaa tena, kulikuwa na jambo limenikwama kooni, na sasa nimekubali kwamba halitatoka mdomoni mwangu kamwe. Labda litatoka mkononi. Mkono ndio ulioanza.

Uliniuliza swali ambalo mji mzima unaniuliza: je, huyu rais mpya, atakayeapishwa katikati ya mwezi, atabadilisha kweli uhusiano wetu na majirani, au ni maneno ya kampeni? Alisema uwanjani, mbele ya watu, kwamba ule udugu wa mlango wa nyuma umekwisha. Unajua alikuwa akisema nini. Ni ule mpango ambao kupitia huo serikali za kingo mbili za mto zilikabidhiana watu bila hakimu wala karatasi, kama majirani wanaorudishiana kuku aliyepotea. Alisema barua zote za siri za mpango huo zitafunguliwa, za kwetu na za upande huu, na kila familia itapewa faili lake.

Hapa hakuna mazungumzo mengine. Sisi wazee wakimbizi wa Paraguai tuliobaki, ambao sasa tunatosha benchi moja, hukutana asubuhi kwa kinyozi Nicanor kuzungushiana kibuyu cha mate, chai yetu chungu ya majani. Juzi Nicanor alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mtu, kwamba rais mpya ni mlango mpya kwenye nyumba ileile. Mama Felisarda, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko wembe huo, akamrukia: "Nyamaza wewe! Miaka arobaini unatuahidi utapunguza kidogo tu, na tazama vichwa vyetu! Wewe mwenyewe hujabadilika, nchi itabadilikaje?" Tukacheka mpaka aliyekuwa kitini akaomba wembe uondolewe kwanza. Kisha wote wakanigeukia. "Haya, Balozi," akasema Felisarda, "tupe hukumu. Huyu naye vipi?"

Wananiita Balozi kwa utani, kwa kuwa kabla sijakimbia nilikuwa karani wa masijala katika wizara ya mambo ya nje, miaka mitatu tu, mpaka walipogundua kwamba vipeperushi vya mgomo vilipigwa chapa kwa mashine ya ofisini. Huko masijala nilijifunza kanuni moja ambayo nimewafundisha wote hapa. Usisikilize hotuba, wala usimtazame waziri. Mtazame anayeshika funguo za masijala. Waziri huja na kuondoka na koti lake, lakini mwenye funguo ndiye anayejua nini kiliandikwa, kwa nani, na kiko rafu ipi. Yeye asipoondoka, hakuna kilichobadilika.

Dikteta wetu, Jenerali Mzee, alipoangushwa, watu walicheza dansi mtoni kwenye maji ya kina cha magoti, na mimi nikasema aliyekuja baada yake hatabadilisha kitu. Mwenye funguo alikuwa yuleyule. Walikuja marais wengine wanne, wawili wakiwa na tabasamu zuri, na kila mara nikatoa hukumu hiyohiyo. Sikukosea hata mara moja. Na kila ulipokuja kuniuliza, kaka, daraja limejengwa, Jenerali amekufa, sasa unangoja nini, nilikujibu kwamba siwezi kurudi katika nchi ambayo funguo zake zipo mikononi mwa watu walewale. Ulinisifu kwa msimamo. Uliwaambia wanao kwamba mjomba wao ni mtu asiyepindika.

Basi juzi niliwajibu kama kawaida. Nikasema: "Hatabadilisha." Wakaguna, wakaridhika, kibuyu cha mate kikaendelea kuzunguka. Kilipofika kwangu nilikirudisha na kusema asante, na wewe unajua kwetu anayesema asante amemaliza, hamiminiwi tena. Felisarda akanitazama. Sijawahi kuishia kibuyu cha kwanza.

Nilikuwa nimewadanganya, dada. Alhamisi redio ilisoma majina ya watu wapya wa wizara. Nililisubiri jina moja tu, lile la mwisho, ambalo mtangazaji hulisoma akiwa amechoka. Mwenye funguo ameondolewa. Aliyewekwa ni mwanamke, na baba yake alivushwa mto huu akiwa amefungwa mikono, mwaka uleule aliovushwa mume wako, Wenceslao.

Kisha Jumapili ukaja na barua ya watu hao wapya mkobani. Ukanisomea kwamba tarehe kumi na nane masanduku arobaini na mbili yatafunguliwa katika ukumbi wa manispaa, na umewekewa kiti mstari wa mbele. Ukasema unataka nikae kushoto kwako, kwa sababu kulia ni mahali pa Wenceslao na patabaki wazi. Nilikuuliza unatafuta nini kwenye karatasi za miaka thelathini na moja. Ulinijibu kwamba kisasi umekiacha kanisani zamani. Unataka kujua mdomo tu. Ulisema: "Nataka kujua mdomo uliosema, kaka, halafu nilale."

Ukatoa chupa ya carrulim uliyoitengeneza mwenyewe, pombe ya miwa, majani ya ruda na ndimu, ukaiweka mezani ninywe leo. Ukanitania kwamba miaka mingi sasa hakuna aliyeniona nikinywa siku ya mosi Agosti, kama desturi yetu, na kwamba mwezi huu, ambao hula ng'ombe waliokonda na wazee, utanibeba kwa ukaidi wangu. Chupa iko hapa mbele yangu. Sijaifungua.

Sasa nisikilize.

Mwaka ule Wenceslao alijificha kwenye chumba changu cha nyuma miezi minane. Mwalimu aliyezoea kupaza sauti kwa watoto sitini alijifunza kukohoa ndani ya mto wa kitandani. Hakutoka hata kwa kinyozi. Nilimnyoa mimi, vibaya, naye akasema kwamba polisi wakimkamata watamwachia kwa huruma wakiona kichwa chake. Hukujua alipo, na tulikubaliana usijue. Mwezi wa Julai zikanifikia habari kutoka ng'ambo kwamba mama yetu mgonjwa hatafika Septemba, na kwamba ananiita usiku na mchana.

Nilikwenda kwenye ofisi moja ya hapa, iliyokuwa na uwezo wa kutoa hati ya kuvuka. Sitaandika jina la bwana yule. Amekufa, na watoto wake hawana kosa. Alikuwa mpole. Alinipa kiti, akaniulizia hali ya Mama. Hakunitajia Wenceslao. Aliniuliza kitu kidogo, kitu ambacho mgeni asingejua hata kukiuliza: watu wetu wa hapa watanywea wapi carrulim mwaka huu?

Unajua maana yake. Mparaguai anaweza kujificha Krismasi, anaweza kujificha siku ya harusi ya mwanawe. Alfajiri ya mosi Agosti, kabla hajaweka kitu tumboni, atatoka popote alipo akanywe na wenzake, maana asiyekunywa Agosti itamchukua. Bwana yule alikuwa mtu wa kwetu. Alijua. Nami nilijua kwa nini anauliza. Nisikudanganye hapa pia: nilijua.

Nikamwambia: uani kwa Felisarda.

Akaanza kuandika, na mwandiko wake ulikuwa mbovu, sentensi hazina kichwa wala mkia. Mimi karani, dada, sikuweza kuvumilia. Nikamwomba kalamu. Nikaiandika upya mwenyewe kwa utaratibu wa wizara, mahali, tarehe na saa, na chini nikamalizia kwa maneno ya heshima tuliyofundishwa, kwamba ofisi inachukua nafasi hii kukuhakikishia tena heshima zake za juu kabisa. Akaisoma, akanipigia makofi kwa upole. Akasema wizara ilipoteza mtu.

Nilikuwa na siku mbili za kumwambia Wenceslao asitoke. Usiku wa kwanza nilisema kesho. Usiku wa pili nilimwambia kwamba pengine si busara, naye akacheka: "Shemeji, wakinikosa polisi halafu Agosti ikanichukua, Deolinda atanicheka kaburini." Kulikuwa na baridi. Nikamwazima koti langu. Mimi nilisema nina homa, nikabaki.

Felisarda amenisimulia alfajiri ile mara nyingi, akidhani nahitaji kuambiwa. Wenceslao alikunywa mafunda saba, akihesabu kwa sauti kama darasani. Walikuja watu wa serikali mbili, wakiwa wamevaa viatu vya aina moja. Felisarda alimpiga mmoja kwa jagi. Jua lilikuwa limeshatoka walipomtia Wenceslao kwenye boti mbele ya wauza samaki, na boti ikavuka bila kuulizwa na mtu wa upande huu wala wa upande huo.

Hati yangu ililetwa kesho yake, mlangoni, ndani ya bahasha. Ruhusa ya siku tatu, na muhuri. Mama alifariki tarehe tisa. Sikuvuka. Wewe uliwaambia watu msibani kwamba serikali imeninyima ruhusa, nami nikaacha iwe hivyo, na kwa uongo huo nikawa shujaa wako. Kila rais mpya alipokuja na wewe ukajaa matumaini, mimi nilipiga hesabu za funguo, na kila nilipogundua hakuna kitakachobadilika, moyo wangu ulishukuru.

Umeniuliza swali. Nimewajibu uongo kwa kinyozi, lakini wewe nakujibu kweli, na hii ni hukumu yangu ya mwisho kama Balozi: ndiyo, Deolinda. Safari hii atabadilisha.

Nenda tarehe kumi na nane. Kaa mstari wa mbele, na mwite Zunilda akae kushoto. Watakapokupa faili, hutahitaji kutafuta jina, maana sikutia sahihi. Utautazama mwandiko. Ni huu unaousoma sasa; nimejitahidi usitetemeke, ili usiwe na shaka. Ukitaka kuwasomea wengine ukumbini, wasomee. Felisarda nitamwambia mwenyewe leo kabla jua halijazama, kwa sababu uani kwake ndiko kulikotajwa, na kwa sababu asubuhi hii Nicanor alipokuja kunigongea twende tukanywe, nilisikia mdomo wangu ukimwambia kwamba nina homa.

Sikuombi msamaha, ningekuwa nakupa kazi juu ya kazi uliyo nayo. Nakuomba tu usiache dawa ya nyonga kwa sababu yangu, na koti la kahawia uliloniletea utalipata kwa dereva wa basi la saa nne. Sistahili kuazimwa koti. Wasalimie wote nyumbani, majirani wa pande zote mbili, na ukipita makaburini umwambie Mama kwamba hati niliipata.

Mwaka huu hutasikia kutoka kwangu habari za funguo. Daraja liko wazi na njia naiona kutoka mezani. Sitarudi.

Kaka yako,
Crispín