Ukurasa Uliogandishwa kwa Uji wa Unga

Mpendwa Bi Radka wa safu ya ushauri, naandika kwa sababu kusema siwezi, hata darasani nikiitwa sauti hunikauka, na jambo lenyewe huenda ukaliona dogo lakini limeninyima raha tangu Jumanne.

Unakijua kile kitabu cha msichana na ndege korongo, kila nyumba hapa mjini Vratsa inacho, sasa kimetolewa filamu, tukaenda kuitazama darasa zima, nami nikawa nahesabu walichobadilisha: kinu kinachosema hakimo, wachawi wawili wamefanywa mmoja, msichana wa miaka saba amekuwa wa kumi na mbili na amepewa farasi, na hayo yote niliyavumilia, nikawa hata najiuliza kwa nini kinu kikisema kitabuni unakiamini, lakini mbele ya macho kingechekesha, ila mwishoni mama aliyegeuzwa korongo anautazama uzi wa Machi mkononi mwa mwanawe, ule mwekundu na mweupe tunaoufunga hadi tumwone korongo wa kwanza, kisha anaruka zake, harudi. Kitabuni anashuka na kuwa mama tena. Nikasema kwa sauti, mimi nisiyesema, "Wameuharibu mwisho."

Ognyan, anayekaa nyuma yangu darasani, akacheka. "Profesa, umesoma kitabu gani wewe? Mama harudi. Hajawahi kurudi."

Alinipeleka maktaba akanifungulia. Kweli, harudi. Nilipofika nyumbani nikakitoa chetu, nikaushika ukurasa wa mwisho, mnene. Nikauinua dirishani, kumbe ni kurasa mbili zilizogandishwa kwa uji wa unga. Aliyenisomea ni Bibi, kidole kikifuata mistari, mwaka ule nilipokuwa na miaka sita, mama alipokwenda Hispania kutunza wazee akasema ni kwa majira yale ya baridi tu. Haya yaliyopita ni ya tisa, na yeye huja Agosti, wiki mbili. Nilipojua kusoma mwenyewe nilikuwa nikifika kwenye uzi namalizia kwa sauti ya Bibi, wala sikujiuliza mbona maneno hayo hayamo.

Sasa Bibi anataka nimpeleke sinema Jumapili. "Twende mwanangu," anasema, "tukamwone korongo wetu akishuka." Je, amesahau kwamba ni yeye aliyemshusha? Nimwambie tiketi zimekwisha? Na naona haya kuuliza, lakini nataka kujua: alinidanganya, au alifanya walichofanya wale wa filamu?

Msomaji wa dawati la mbele

*

Msomaji wangu, umehesabu wachawi na farasi, ukasahau kumtazama vizuri mtu anayekupikia supu. Tiketi zipo. Usimdanganye mwanamke aliyekuzidi ujanja kwa uji wa unga.

Wenye filamu walikitoa kinu kwa ajili ya watazamaji wasiowajua. Bibi yako aliubadilisha ukurasa mmoja kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa hapati usingizi. Ulikuwa uongo? Kidogo, ndiyo. Lakini wakati ule ulikuwa na miaka sita, na sasa umekua.

Kama kweli amesahau, ukimwacha akakutane na mwisho ule gizani bila kumwonya utakuwa umemkosea, na hilo silikubali. Kwa hiyo Jumamosi chemsha birika, ushike ukurasa juu ya mvuke. Uji wa unga huachia taratibu. Kisu usiguse. Kiweke kitabu mezani kikiwa wazi, mwambie, "Bibi, nisomee," kisha unyamaze, kazi unayoijua vizuri. Akisoma kilichochapishwa, mtacheka wote wawili, au mtalia. Akisoma cha kwake, mwache amalize, ndipo umwambie kwa upole kwamba filamuni korongo hashuki. Kwenda au kutokwenda aamue mwenyewe.

Lingine hukuniuliza, nami nitakujibu. Sauti iliyokutoka mle sinemani haikuwa ya kuitetea hadithi. Mpigie mama yako simu wiki hii, kabla hujaona korongo wa kwanza ukauvua uzi wako, umwulize anarudi lini. Swali hilo halijajibiwa kitabuni wala kwenye filamu, na Bibi amelijibu kwa niaba yake miaka tisa. Apumzike.