Panya Majike wa Maabara

Mama, shikamoo. Huku baridi inauma, lakini leo nawaka kwa hasira. Mkuu wa maabara yetu ameniagiza niwaue panya majike wazee wote, ili ugonjwa wa uboho wa mifupa tuuchunguze kwa madume tu.

“Homoni za majike zinavuruga majibu,” akasema.

Nikamkumbuka dada Domina, uboho wake ulivyougua hadi damu ikamwishia. Nikamuuliza mkuu, “Na wanawake wakiugua, mtawatibu kwa majibu ya madume?”

Nikasimama mbele ya vizimba vya panya mpaka akatoka. Majike wako hai. Mimi nimepewa barua ya onyo, wala sijutii.

Nisalimie Baba na majirani wote Bukiriro. Mungu awaepushe na vita hii ninayosikia imefika karibu na huko.

Mwanao, Melania