Cheti cha Nyumba Nambari Nne

Erdington, Birmingham
12 Machi 2017

Kwa Dada Raho,

Assalam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yetu Hooyo na watoto. Magoti ya Hooyo yanasemaje siku hizi? Mimi kile kikohozi kimeniacha, alhamdulillahi.

Nina habari njema. Nimeacha kubeba masanduku kwenye ile bohari ya Washwood Heath. Diploma yangu ya ujenzi, ambayo kwa miaka sita hakuna mtu hapa aliyetaka hata kuiona, imepata wa kuisoma. Anaitwa Rikesh, Mhindi ambaye babu yake alikuwa na duka Kisumu. Kiswahili chake ni cha kuagizia chai tu, lakini tulielewana. Ana ofisi ya kukagua nyumba mpya.

Nikueleze, maana kazi hii ni jirani ya kazi yako. Hapa mtu akijenga nyumba za kuuza, benki haimkopeshi mnunuzi mpaka nyumba iwe na bima ya miaka kumi. Mjenzi akifilisika au ukuta ukipasuka, kampuni ya bima ndiyo inayotengeneza. Kabla ya kukubali, kampuni inataka mkaguzi aangalie msingi zege likiwa bado halijamwagwa, kisha kuta, kisha paa. Akitia sahihi, cheti kinatoka. Mkaguzi huyo ndiye mimi. Nimepewa kofia ngumu yenye jina langu. Wameandika Adam, lakini nimeivaa hivyo hivyo.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Aden

Nairobi
9 Aprili 2017

Mpendwa mdogo wangu Aden,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, na magoti ya Hooyo yanamtii asubuhi, jioni yanamkataa. Nilipomsomea habari yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Niwie radhi kwa maswali ya ofisini. Miaka kumi na moja nimekaa meza ya leseni, kazi yetu ikiwa kusimamia makampuni ya bima, na mdomo umezoea kuuliza. Kampuni yenu ina leseni ya wapi? Nani anaifungulia vitabu kuona kama ina akiba ya kutengeneza nyumba zote ilizoziahidi? Mwaka juzi tulifunga kampuni moja hapa. Vyeti vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wengine wote, na muhuri wa rangi ya dhahabu.

Na wewe, unakagua nyumba ngapi kwa siku?

Dadako,
Raho

Erdington
20 Agosti 2017

Kwa Dada Raho,

Salaam nyingi. Najua nimechelewa, na nikiri maswali yako yaliniudhi kidogo. Lakini nilimuuliza Rikesh. Kampuni imesajiliwa Ulaya bara, nchi ndogo, na kwa kibali cha Ulaya inaruhusiwa kuuza bima hapa. Nikamuuliza, "Nani anaisimamia, wa huko au wa hapa?" Akacheka: "Wote wawili, bwana." Nadhani maana yake ni kwamba hakuna.

Nyumba ni kumi na moja kwa siku, zikiwa pembe zote za mji.

Kuna jambo jingine. Mwezi wa Mei nilitumwa kwenye nyumba sita zinazojengwa hapa hapa Erdington. Msongamano wa magari ulinichelewesha, na nilipofika zege lilikuwa limeshamwagwa. Mtaro wa msingi sikuuona. Pembeni palibaki kipande kimoja hawajakijaza, nikakipima: sentimita arobaini. Ilitakiwa mita nzima, kwa udongo ule wa mfinyanzi, tena palipong'olewa mti. Nikampigia Rikesh. "Weka tiki, Aden. Lori la zege limeshaondoka, utaliita lirudi?" Nikaweka tiki.

Nambari nne imenunuliwa kabla haijaisha na mzee Harbans na mkewe Surinder, Masingasinga wa Nakuru. Mzee alifanya kazi kiwanda cha magari miaka thelathini. Aliposikia natoka Isiolo alinishika mkono asiuachie. Sasa kila Jumapili niko kwao, kwenye nyumba waliyopanga. Mama Surinder anapika dengu, ananiita "mwanangu", na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Aliniuliza kama nyumba ni imara. Nikamwambia, "Mama, ina bima ya miaka kumi."

Mdogo wako,
Aden

Nairobi
3 Septemba 2017

Aden,

Sisi wazima. Swali la mama huyo lilikuwa juu ya nyumba, nawe ukamjibu juu ya karatasi.

Rudi kwao Jumapili hii. Waambie ulichokipima. Kisha uandike kwa kampuni, na kwa wasimamizi wa huko na wa hapa, kila mmoja barua yake, ubaki na nakala. Utafukuzwa kazi, najua. Bohari bado ipo.

Dadako,
Raho

Nairobi
18 Februari 2018

Mdogo wangu,

Miezi mitano sasa. Simu hushiki. Hooyo anasema umeoa kwa siri na unaogopa kusema. Mimi namwacha aamini hivyo. Andika hata mstari mmoja.

Raho

Erdington
24 Machi 2019

Kwa Dada Raho,

Assalam aleikum. Natumai Hooyo mzima. Mimi mwili mzima.

Sikuwaambia. Jumapili ile nilikwenda, nikala, nikarudi.

Kiangazi kilichopita kilikuwa kikavu ajabu, udongo ukanywea, na ukuta wa ubavuni wa nambari nne ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini. Mzee Harbans akamtafuta mjenzi: kampuni yake ameshaivunja. Akaandikia bima: wasimamizi wa nchi ile walikuwa wameizuia isiuze tena, kisha ikafilisika. Wa huko wakamwambia nyumba iko Birmingham, awaulize wa Birmingham. Wa hapa wakamwambia leseni si yao, awaulize wa kule. Kuna mfuko wa fidia. Wakamtumia fomu, wakaomba ripoti ya mhandisi, kisha fomu nyingine. Mzee aliegemeza boriti mbili kwenye ukuta. Akaniuliza, "Aden, tuhame?" Nikasema, "Subirini majibu ya mfuko."

Jumanne iliyopita upepo ulivuma tangu alfajiri. Mama Surinder alitoka kuchuma methi, mboga ya uwatu, uani. Ukuta ulimwangukia.

Sasa kutakuwa na mahakama ya kuchunguza kifo chake. Rikesh ameweka kwenye faili picha za mtaro wa nyumba nyingine, wenye kina kizuri, na jina langu chini yake. Anasema, "Wewe nyamaza tu. Mjenzi yuko ng'ambo, zege haliongei." Ushahidi pekee ni ile barua niliyokuandikia Agosti. Dada, nakuomba uichome. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mdogo wako,
Aden

Nairobi
8 Aprili 2019

Aden,

Nimelia kwa ajili ya mama ambaye sikuwahi kumwona. Kisha nikalia kwa ajili yako, na sijui kilio kipi kilikuwa kirefu zaidi.

Barua yako ya Agosti nimeitia ndani ya bahasha hii. Sikuichoma. Maisha yangu yote nimewakatalia watu wenye vyeti vizuri, siwezi kumfichia ndugu yangu. Lakini pia siwezi kuipeleka mahakamani mimi. Mkono ulioiandika ni wako.

Hooyo hajui. Anakuombea kila swala, kwa jina lako lote.

Dadako,
Raho

Birmingham
30 Juni 2019

Kwa Dada Raho,

Assalam aleikum. Bahasha yako nilikaa nayo siku tisa.

Niliipeleka. Mkalimani aliisoma mahakamani kwa sauti, na ilikuwa ajabu kusikia "salaam nyingi" ikitafsiriwa mbele ya hakimu na mawakili. Rikesh hakuniangalia. Polisi wameniita mara mbili, na wakili anasema nijiandae kwa mashtaka, mimi na Rikesh pamoja. Nyumba nyingine tano zimehamwa. Kampuni ya bima haikuleta mtu, kwa kuwa haipo tena. Wasimamizi wa nchi zote mbili walileta barua za rambirambi.

Juzi nilikwenda Sutton Coldfield, kwa mtoto wa mzee Harbans, anakokaa sasa. Mzee alinifungulia mwenyewe, hakunikaribisha ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yeye akauliza moja tu, kwa Kiswahili: "Ilikuwa kina gani?"

"Sentimita arobaini, mzee."

Akainama pale mlangoni, akaweka kiganja kwenye mguu wake, chini kidogo ya goti. "Hapa?"

"Hapo."

"Na ilitakiwa?"

Nikaonyesha kwa mkono, kiunoni mwake. Akakitazama kile kipande kati ya mkono wangu na wake kwa muda mrefu. Kisha akasimama wima, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Mdogo wako,
Aden