Nusu Debe la Mpunga Wako

Mama,

Sijui kukaa. Unajua. Miaka yote ulinipigia kelele, "Zuhura, kaa kitako, una nini miguuni?" Sasa hakuna wa kunikalisha. Nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, naingia ndani, natoka tena.

Siku ya msiba sikuruhusiwa kushika hata kikombe. Wifi yako, Shangazi Mwanaidi, ndiye aliyesimamia kazi uani. Hakupika chochote, Mama, hakuteka hata ndoo moja. Alipita mlango kwa mlango akigonga hodi: wewe lete kuni, wewe osha masufuria, nyinyi katandikeni majamvi. Jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa kazini. Mimi akaninyooshea kidole tu: "Wewe mfiwa. Kaa, ulie." Nikakaa. Nikalia mpaka sauti ikaniishia.

Pale mkekani ndipo nilipopata maneno niliyoyakosa ulipokuwa hai. Uliwahi kuniuliza kazi yangu kule kwenye kitalu cha utafiti, Tanga mjini, ni kazi gani hasa. Nikakubabaisha kwa lugha ya vitabuni, ukasema, "Basi, mradi hulali njaa." Sikiliza sasa. Ndani ya mmea kuna protini ambazo sisi huziita vipengele vya unukuzi. Zenyewe hazipiki wala hazichoti maji. Chumvi ikiingia mizizini, au ukame ukibana, zinakwenda kuzigongea hodi jeni zilizolala: wewe funga vitundu vya majani, maji yasipotee, wewe kaifungie chumvi mahali isipodhuru, nyinyi tengenezeni vya kuyashikilia maji. Ni Shangazi Mwanaidi mtupu, Mama! Kila mmea unaye wake. Tofauti ni nani anaamka mapema.

Mpunga wako unaamka mapema. Bahari ilipopanda mpaka kondeni kwetu hapa Moa, wa majirani ulikauka. Wako ulinuna siku chache, kisha ukasimama. Wakasema umefukia fingo, dawa ya kulinda shamba. Ukacheka: "Fingo gani? Mbegu ya mama yangu hiyo!" Nikachukua konzi moja, nikaupima kitaluni kwa maji ya chumvi, pamoja na mbegu ya dukani. Ya dukani nayo iligongewa hodi, lakini majani yalikuwa yamekwisha ungua. Nikaja mbio kukuambia. Nilikuta umelazwa, hukuwa tena wa kuambiwa kitu.

Kesho ni arobaini yako. Kaka Omari ameamua kwamba nusu debe uliloacha litwangwe, ipikwe pilau ya hitma, watu wale jasho lako wakuombee. Nia yake njema, nalijua hilo. Lakini ndio mpunga wako wote uliobaki. Konzi yangu iliishia kwenye majaribio. Juzi nilimwomba anibakishie walau kibaba cha mbegu. "Cha sadaka hakipunguzwi," akasema, akaenda zake kutafuta nyama.

Nilikasirika, Mama. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia na wewe kwa kuondoka nikiwa nina habari mdomoni.

Hajarudi nyumbani, nilikuwa nimeuloweka wote. Jana nikauopoa, nikaufunika kwa gunia bichi nyuma ya jiko. Leo nimefunua mara sijui ngapi, na mara hii ya mwisho nimeona ncha nyeupe. Umechipua. Hautwangiki tena. Mchele wa dukani nimeshauleta, upo jikoni, lakini hakuna aliyeambiwa bado. Shangazi anakuja alasiri hii na wanawake wake na vinu.

Mola akupanulie kaburi, Mama, akulaze pema. Nakuahidi: mpunga huu nitaupanda kwa mikono yangu, kondeni kwako, pale pale ilipofika chumvi. Hitma yako ya mwaka watakula mpunga wako, na mbegu itabaki.

Nasikia hodi. Ni sauti ya Shangazi.

Safari hii sikai.

Zuhura wako