Mti wa Kitovu cha Nekesa

Mesquite, Texas
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, si umeinama shambani. Goti linaendeleaje? Na kifua kimetulia? Sisi huku tu wazima, wote watatu, na leo neno hilo "wazima" naliandika bila kusitasita. Simu ilipokatika ulipokuwa ukiniuliza habari za mti, kusema kweli nilishukuru. Sasa dada mmoja wa kanisani anakuja Bungoma kwa harusi ya nduguye, nami nimempa barua hii nikueleze mambo taratibu.

Kitovu cha Nekesa kilipoanguka uliniambia nisikitupe, nikizike chini ya mti unaozaa. Huko ningekwenda kwenye mgomba nyuma ya jikoni. Hapa tulikuwa ndio tumehamia, na uani mlikuwa na mti mmoja tu, mpichi, umejaa majani. Nikachimba kwa kijiko kikubwa, nikazika, nikaomba, nikaandika tarehe kwenye shajara yangu. Nilijiona nimefanya mambo sawasawa.

Kabla ya Krismasi mti ukaanza kupukutika. Nikaumwagilia maji, ukazidi. Nikatia samadi ya dukani. Mwisho zikabaki fito tupu, nyeusi kama zimeungua. Wewe unajua, Mama, kwetu mti ukiwa hivyo na hakuna kiangazi, basi umekufa. Halafu mwezi wa kwanza mtoto akashikwa na kifua. Kile nilichokuambia ni kikohozi kidogo kilikuwa nimonia. Tulilala naye hospitalini, anapumua kwa mipira puani. Siku tuliyomrudisha nyumbani, kitu cha kwanza nilichokiona dirishani kilikuwa ule mti. Tangu hapo kila asubuhi nilimtazama mtoto, kisha nikautazama mti, na sikumwambia mtu.

Baba Nekesa hakujua kilichozikwa pale. Nilimhesabu mwanamume, mambo ya kitovu yanamhusu nini? Jumamosi moja akatoka na msumeno.

"Mama Nekesa, huu umekufa. Wacha nikate, tupate kuni za kuchomea nyama Pasaka."

"Usiuguse!"

"Kwani ni wa nani?"

"Ni wa Nekesa."

"Nekesa hata kuketi hajui, ameshapata mali?"

Jirani yetu Mama Bahati, Mkongo anayefanya kazi na Baba Nekesa kule ghalani, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Akapaza sauti: "Eh, Wakenya! Kila kitu kwenu ni nyama choma! Baba, acha muti ya mutoto. Haikukufa, iko nalala tu. Huku miti inalalaka wakati ya baridi."

"Na isipoamka, Mama Bahati?" nikamwuliza.

"Basi mutamupa Baba kuni yake."

Alikuwa anatania, lakini kwangu haukuwa utani. Nikamvuta Baba Nekesa jikoni, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliurudisha msumeno gereji, na tangu siku hiyo akawa yeye wa kwanza kutoka asubuhi na kikombe chake cha chai kwenda kuutazama. Vikatokea vidoti vidogo vya machipukizi kwenye fito, na papo hapo baridi ikarudi. Mkweo akachukua blanketi la wageni, lile jipya, akaufunika mti.

Jumanne nikasikia, "Mama Nekesa! Njoo na mtoto!" Nilidhani ni nyoka. Kumbe ni maua, Mama! Mti wote rangi ya waridi, kutoka shina hadi ncha, na jani hakuna hata moja. Huu mti maua hutangulia majani. Nyuki walishajaa. Mama Bahati akachungulia: "Sasa kuni iko wapi, Baba?" Mimi niliketi pale pale kwenye nyasi, nimevaa sare ya kazi, nikalia mpaka mtoto akanishangaa. Siku hiyo nilichelewa kwa wazee wangu ninaowatunza, na nilipowaeleza sababu walitaka kuona picha.

Leo tumetandika leso chini yake. Upepo ukipita maua yanamwangukia Nekesa kichwani. Ananyakua, anatia mdomoni. Nilipoingiza kidole kuyatoa akaniuma, nikahisi kitu kigumu. Baba yake akaleta tochi ya simu, tukatazama vizuri.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, mwalimu wangu wa Jumapili, na wale wanaokuchotea maji. Shangazi mpe salamu za peke yake. Najua kabla hujamaliza kumsomea atauliza jino la kwanza limeota juu, la mkosi, au chini. Mwambie ni la chini, Mama. La chini, tumelitazama mara mbili.

Binti yako,
Nafula