Mbuzi wa Odeta

Mabawe, 2 Juni 2024

Mwanangu Priscila,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Biharamulo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua baridi ikiingia. Naandika kwa sababu simu yangu ameishika baba yako mdogo Nyandwi.

Mbuzi uliyetutumia amefika salama. Jamani, maziwa! Odeta wetu hajashiba hivi tangu dada yako alipomwacha mikononi mwangu. Mashavu yameanza kurudi. Lakini Nyandwi amekasirika. Anasema kwao maziwa ni ya ng'ombe, mbuzi ni wa nyama, na mjane anayekamua mbuzi anamwaibisha marehemu. Ameamua achinjwe siku ya kumaliza matanga ya baba yako. Njoo umchukue. Sitaki vita.

Mama yako.

Biharamulo, 9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Huku wote wazima, wajukuu wanakusalimu.

Siji kumchukua! Huyo ni Toggenburg, mama, mbuzi wa kukamuliwa. Anayetaka nyama afuge Boer, anayetaka manyoya ya kufumia sweta akatafute Angora, na baba mdogo akitaka supu anao mbuzi wake wa kienyeji kule Kanazi. Tena nyama yenyewe wewe utaionja? Si wanasema mwanamke akila mbuzi anaota ndevu! Basi wanaume washibe siku moja, halafu kesho yake Odeta anywe nini? Heshima ya ukoo?

Usimtoe, mama. Ukimtoa tutakosana.

Mwanao Priscila.

Biharamulo, 7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. U mzima? Odeta je? Siku ya matanga imepita na sijapata hata mstari mmoja. Nimepiga simu, akapokea baba mdogo, akakata. Kama wamemchinja niambie tu. Silali vizuri.

Mwanao.

Mabawe, 14 Julai 2024

Mwanangu Priscila,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, Odeta anakimbia uani sasa hivi. Goti sijui limepona au nimelisahau. Simu nimeifuata jana kwa Nyandwi, lakini haya ni ya kusoma ukiwa umekaa.

Siku ya matanga alisimama uani na kisu, wageni wamejaa. Nikatoka na sufuria, nikachuchumaa mbele yao, nikakamua. Kikombe cha kwanza nikanywa mwenyewe. Watu wakaguna. Cha pili nikampa Odeta. Nikasema, "Shemeji, chinja. Ila kwanza mwambie mtoto huyu, kwa mdomo wako, kesho atakunywa nini."

Akamtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama, povu la maziwa puani. Nyandwi akaweka kisu chini. Nikawapa beberu wangu wa kienyeji, wakachinja huyo.

Nyama ilipoiva, sisi wanawake tukaletewa maharage kama kawaida. Thubutu! Nikainuka, nikajipakulia mbavu, nikala huku nawatazama. Bonifasia, mke wa Nyandwi mwenyewe, akasogeza sahani yake. Nyandwi akapiga kelele kwamba tutaota ndevu.

Ndiyo maana nilikaa kimya, mwanangu. Nilitaka kwanza nione. Kila asubuhi najipapasa, kidevu laini.

Ukija Agosti, niletee dume la Toggenburg, nataka wazaliane hapa hapa Mabawe. Na wembe ulete. Zikiota nitanyoa, halafu nitaendelea kula.

Mama yako.