Kifaa cha Kumi na Moja

Alhamisi, alasiri. Upepo wa Singida leo umekasirika. Dishi la intaneti linagonga juu ya paa.

Kesho kamati ya hospitali inakaa, na Neema wa mapokezi (hapa blogini namwita hivyo) anafukuzwa kazi. Labda ramani ya mtandao ninayoichora iseme vinginevyo.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimejaa. Hospitali yetu ni ya mtu binafsi, ilifunguliwa baada ya serikali kuruhusu madaktari kuwa na hospitali zao. Intaneti yetu ni nyembamba kama uzi. Picha za eksirei tunamtumia bingwa Dodoma azisome, na kwa wiki kadhaa sasa, kila baada ya chakula cha mchana, hazitoki. Juzi mfugaji mmoja wa Mtinko alilala na nyonga iliyovunjika akisubiri majibu ambayo hayakuja. Mzee, daktari mwenye hospitali, aliwaka. Akasema kuna mtu anavuta filamu. Macho yote yakamwendea Neema, kwa sababu aliwahi kukutwa akiangalia video ya harusi ya dada yake.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta. Nikaambiwa nimtafute mwizi.

Sikutaka kuzichokonoa mashine. Fundi aliyenitangulia alizitumia mashine maswali kila kona ya mtandao ili zijitaje, ile ya maabara ikaganda siku nzima. Mimi nimekaa stoo na kompyuta yangu, nasikiliza tu: nani anatuma, anatuma wapi, mara ngapi, mzigo mkubwa kiasi gani. Yaliyomo sifungui. Kila kifaa kina tabia yake. Printa ya famasia hujitangaza hata isipoulizwa, kama jogoo. Mashine ya maabara hutuma kidogo kidogo. Kompyuta ya Neema mchana imelala usingizi wa pono, kwa kuwa foleni ikiwa ndefu mapokezi wanaandika kwa mkono.

Vifaa kumi nimeshavichora kwenye karatasi ya manila, kila kimoja na chumba chake. Kilibaki kimoja.

Hicho cha kumi na moja ndicho kinachokula njia yote. Lakini hakivuti filamu. Anayevuta filamu hupokea tu. Hiki kinatuma karibu sawa na kinavyopokea, kwenda nje ya nchi. Hayo ni mazungumzo, watu wawili wanaonana kwa kamera.

Hilo nililijua jana, nikafurahi. Leo nimekijua chumba, na furaha imeniisha.

Mzee akipita kwenye korido, hakuna anayebaki amekaa. Watu wanasimama, shikamoo zinaanza, na kwenye kioo cha kompyuta yangu mashine zao zinatulia moja baada ya nyingine. Ndivyo nilivyovipata vyumba vingi. Leo nikaona kile cha kumi na moja kinatulia mapema, kabla sijasikia hata shikamoo moja. Kisha mlango wa Mzee ukafunguliwa. Aliporudi ndani, kikaanza tena.

Nilisubiri atoke mara ya pili ili nihakikishe. Ikawa vilevile.

Nikamfuata ofisini, maana sikulelewa kumuumbua mtu mzima mbele za watu. Nikamwamkia, nikatandika manila mezani. Aliitazama. Hakukana. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama, yuko India kwa matibabu ya figo, na huo ndio muda ambao manesi wa kule wanamsaidia kukaa mbele ya kompyuta. Alisema hakujua kwamba kuonana tu kunakula kiasi hicho. Namwamini.

Halafu akaacha Kiswahili, akanisemesha Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kama baba anavyosema na mtoto wake jikoni. Aliniomba hicho kimoja nikiandike hakijulikani.

Nikamuuliza, "Na Neema, Mzee?"

"Neema bado kijana. Atapata kazi kwingine."

Nampenda Mzee, ndiyo maana imeniuma. Nikamwambia naweza kupanga mtandao ili picha za wagonjwa zipite kwanza, naye aendelee kuonana na Mama. Ila jina la chumba nitaliandika. Akageukia dirishani. Nikaikunja manila, nikatoka.

Nimerudi stoo. Nimeandika "Ofisi ya Mzee" kwa kalamu ileile niliyoandikia vyumba vingine, nikaipiga picha manila, nikaituma kwa wajumbe wote wa kamati. Neema amepita sasa hivi kuniaga. Alikuwa na kikombe chake na kanga anayofunikia kiti, kwenye mfuko wa plastiki. Nimemwambia avirudishe.

Kesho yeye atakuwa na kazi. Mimi sijui.